Usimsemee Mungu Kwenye Matope ya Watu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Baada ya Maafa

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang, nchini Tanzania, iliyolowa kwa mvua nyingi ilimeguka. Udongo, mawe na magogo vikafuata mikondo ya maji mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikapita juu ya nyumba, maduka na watu. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kwa makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia, hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Kila linapotokea janga la namna hii, maelezo hufika kabla ya unga. Mtu ambaye hajagusa koleo anakuwa tayari anajua Mungu alikuwa anataka nini. Nawaandikia waumini wenzangu, Wakristo na Waislamu, wale wanaokwenda kusaidia na wale waliotoka chini ya tope wakiwa hai. Sitabembeleza, kwa sababu imani za watu huvunjwa zaidi na maneno ya wiki zile za kwanza kuliko na tope lenyewe.

Usimsemee Mungu. Hili ni la kwanza na ndilo zito kuliko yote. Hujaletewa habari kutoka mbinguni kwamba nyumba hii imefukiwa kwa sababu gani na ile imebaki kwa sababu gani. Ukidai unajua, umesema uongo kwa jina la Mungu na umemtonesha mfiwa kwa pigo hilohilo moja.

Angalia siku zenyewe. Katesh walipatwa asubuhi ya ibada. Bukoba walitikiswa na tetemeko Jumamosi ya Septemba 10, 2016, zikiwa zimebaki siku mbili Waislamu waswali Idi ya kuchinja. Nyamukubi, wilayani Kalehe, Kivu Kusini, mafuriko ya Mei 4, 2023 yaliwakuta watu sokoni, maana Alhamisi ndiyo siku yao ya gulio. Katika vijiji vya ukanda ule walikufa zaidi ya watu 400. Anayesema hii ilikuwa adhabu anieleze: aliyekuwa anaadhibiwa ni yule aliyeamka kwenda kanisani, yule aliyekuwa anatafuta mbuzi wa Idi, au yule mama aliyepanga mafungu yake ya nyanya chini?

Na vitabu vyetu vilishalijibu. Mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu 18, Yesu alikataa katakata kwamba wale walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Wito wa toba aliwageuzia waliokuwa hai wakimsikiliza, waliokufa hakuwahukumu. Madina, mwaka 632, jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, na watu wakaanza kusema jua linamlilia mtoto. Mtume aliyafuta maneno hayo hadharani, akafundisha kwamba jua halipatwi kwa sababu ya kifo cha mtu, awe nani. Huyo ni baba aliyetoka kumzika mwanawe, na heshima kubwa namna hiyo aliikataa kwa sababu haikuwa kweli. Wewe ambaye hukuzika mtu Katesh, ruhusa ya kusoma kifo cha mtoto wa mwenzio umeipata wapi?

Kaa chini kwanza. Elifazi, Bildadi na Sofari walipomfikia Ayubu walikaa naye mavumbini siku saba, usiku na mchana, pasipo kumwambia neno. Ni jambo jema pekee walilolifanya katika kitabu kizima. Walipofungua midomo walianza kumtetea Mungu na kumtafutia Ayubu dhambi. Mwishoni hasira ya Mungu iliwashukia wao, wala haikumshukia Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura. Mhubiri ausome mwisho huo kabla ya kupanda gari kwenda kwenye maafa. Kama hautamtisha, asiende.

Lakini kukaa chini si kukaa bure. Habari za kifo cha Jafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka 629, zilipofika Madina, Mtume aliagiza nyumba ya Jafar ipikiwe chakula, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashika wenyewe. Ndiyo ibada ya saa hiyo. Chota maji. Chambua mchele. Mbebe mtoto ili mama yake aweze kulia kwa mikono yote miwili. Shika simu ya mfiwa, wapokee ndugu wa Singida, wa Dar es Salaam na wa Arusha, wape habari wewe, ili yeye asilazimike kuisimulia upya kila inapoita.

Ukilazimika kusema, sema kifupi: "Pole sana, mama. Nipo hapa, sijaondoka." Yale maneno makubwa ya kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa yalisemwa na Ayubu mwenyewe, mwenye watoto waliokufa, rafiki zake hawakuyasema. Na ile kauli ya Waislamu, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, ni dhikri aliyofundishwa aliyefikwa. Mfiwa akiyatamka, itikia naye. Usiyatumie kumfungia mdomo.

Usitoe ushuhuda wa kunusurika mbele ya aliyefiwa. Nawajua watu wema wanaofanya hivi na hawajui wanachokifanya. Mtu anasimama chini ya turubai, anashika kipaza sauti, anasema Mungu ni mwema sana, tope limefika ukutani kwangu likakata kona. Watu wanaitikia amina. Kwenye benchi la nyuma amekaa mama ambaye kwake halikukata kona. Kichwani mwake anapiga hesabu ambayo mtoa ushuhuda hakuifikiria: kama wewe umeokolewa kwa kupendwa, wanangu walikosewa nini?

Shukuru, ni haki yako na ni wajibu wako. Shukuru kwa kusujudu chumbani mwako, au kwa kupiga magoti na watoto wako mlango ukiwa umefungwa. Halafu uufungue huo mlango. Ukuta wako umebaki wima na jirani yako analala darasani na watoto juu ya sakafu ya saruji. Wachukue walale kwako. Huo ni ushuhuda ambao yule mama wa benchi la nyuma anaweza kuusikia.

Mwache alalamike. Zaburi ya 88 inalia kutoka mwanzo na inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia na inasaliwa. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe, na Kurani haimhesabii kwamba alikufuru. Huzuni yake aliipeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo mtu akikuambia kambini kwamba hajui tena anasali kwa nani, usiruke kumjibu. Bado anazungumza habari za Mungu, na amekuchagua wewe kuzungumza naye.

Na usihesabu mahudhurio. Mzee wa kanisa ambaye hajaonekana ibadani tangu amzike mkewe hahitaji kuitwa kwenye baraza. Mpelekeeni fundi na mabati. Kama mtakuwa mnagongomea misumari pamoja mpaka jioni, atasema lililo moyoni, au hatasema, na yote mawili ni sawa.

Wewe uliyenusurika, shika sala ndogo. Hapa naongea na wewe ambaye nyumba yako haipo. Usijilazimishe kuielewa siku ile. Hakuna anayekudai maelezo, na anayekudai, mwondokee. Usijiulize kila usiku kwa nini wewe umebaki na mwenzio ameondoka. Hilo swali halina mlango, na kubaki hai si kosa ulilolitenda.

Maneno yako mwenyewe yakigoma kutoka, tumia yale uliyofundishwa utotoni: Baba Yetu, Salamu Maria, Alhamdu. Yalitungwa ili yambebe mtu siku asiyokuwa na lake la kusema. Kama umeumia na huwezi kusimama, swali umekaa. Ukishindwa kukaa, swali umelala. Kama kambi haina maji ya udhu, tayamamu. Dini yako iliyaruhusu haya zamani sana, ikijua kwamba zitakuja siku kama hizi. Ukishindwa hata hayo, nenda kakae nyuma kabisa msikitini, au kwenye jumuiya ndogondogo, unyamaze, wenzako wasali. Kuna miezi ambayo imani ya mtu hubebwa na majirani zake, na hakuna aibu hapo.

Kingine, nakisema kwa ukali kwa sababu kimewaumiza wengi. Kama wiki zimepita na bado hulali, kama mvua ikigonga bati unakimbilia nje, kama harufu ya udongo mbichi inakufanya utetemeke, nenda hospitali ukaonane na mganga au mtaalamu wa afya ya akili. Hayo ndiyo huwapata watu waliopita ulipopita, na yana msaada. Usimkubali anayekuambia una pepo. Usikubali kufungishwa siku kadhaa bila kula wakati hata maziwa ya kumnyonyesha mtoto yamekauka. Maombi na dawa vinakaa nyumba moja bila ugomvi.

Usimwambie mtoto kwamba Mungu alimpenda mama yake zaidi ndiyo maana akamchukua. Umemfundisha aogope kupendwa na Mungu. Usimwambie mama amesafiri, atasimama barabarani kumngoja. Mwambie mama amekufa, mwambie si kwa kosa lake yeye mtoto wala si kwa sababu alikataa kutumwa jana yake, mwambie nani atakuwa anamlaza na nani atampeleka shule. Mwonyeshe huyo mtu. Kisha muombeeni mama pamoja, kwa jina lake.

Zikeni kwa heshima, na msigombee maiti. Kwa Waislamu, Mtume amemhesabu aliyekufa kwa kuangukiwa na kufukiwa, na aliyekufa maji, kuwa miongoni mwa mashahidi. Familia iambiwe hilo mapema, lina faraja ya kweli. Hata hivyo wao si kama shahidi wa vitani: wanaoshwa, wanakafiniwa na wanasaliwa. Mwili ukiwa katika hali isiyowezekana kuoshwa, hufanyiwa tayamamu. Ambaye mwili wake haukupatikana asaliwe sala ya ghaibu. Madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi wa Waislamu wa pwani yetu, yanairuhusu. Kwa Wakristo pia ibada ya mazishi bila jeneza inawezekana: jina lisomwe, kengele ipigwe, watu wapewe nafasi ya kulia mahali pamoja. Msiiambie familia isubiri mwili upatikane ndipo ifarijiwe. Mwili mwingine hautapatikana.

Na akipatikana mtu asiyetambulika, asiye na kitambulisho wala ndugu, shehe aombe, mchungaji aombe, wote washike majembe. Kubishana juu ya kaburi la mtu asiyejulikana kwamba alikuwa wa upande gani ni jambo la kutia uchungu, na watoto huwa wanatazama.

Vitabu vitakatifu vilivyotolewa kwenye tope visitupwe jalalani pamoja na magodoro. Msahafu ulioharibika kabisa ufukiwe mahali safi pasipokanyagwa. Biblia ya familia ambayo kurasa za mwanzo zimeandikwa tarehe za kuzaliwa na za ubatizo, ikausheni kivulini, hata kama hayasomeki mengine. Vyeti vimekwenda na maji; ule ukurasa unaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Usinunue muumini kwa unga. Kilo tano za sembe zisiambatane na kipeperushi. Kwenye foleni usiulize dini, kabila wala mahali mtu anaposali. Usitaje kanisa lako kila unapokabidhi ndoo. Wilaya ya Hanang ina Wabarbaig, na kwao mlima ule ni mahali patakatifu tangu enzi za mababu. Aliyepoteza ng'ombe na ndugu asije kuambiwa na mgeni mwenye kizibao cha msaada kwamba ibada za wazee wake ndizo zilizouangusha mlima. Kumbuka la kwanza nililosema. Huyo pia ni mtu ambaye humsemei Mungu kwake.

Uliza kabla ya kununua. Usifunge marobota ya nguo zilizokushinda kuvaa. Mpigie mtendaji wa kata au kamati ya maafa, uliza kimepungua nini. Mara nyingi utaambiwa pedi, sufuria, ndoo zenye mfuniko, vidonge vya kusafishia maji, taa, khanga, viatu vya watoto, madaftari.

Usipige picha za unayempa. Injili inakataza sadaka ya kujionyesha, Kurani inakataza kuifuatishia masimango. Mzee aliyekuwa na shamba lake na heshima yake asisimamishwe ameshika mfuko wa sukari huku mkurugenzi wako anatabasamu pembeni. Basi.

Fedha zisomwe hadharani. Baada ya tetemeko lile la Bukoba, mkoani Kagera, mwaka 2016, Rais wa wakati huo alitengua uteuzi wa viongozi wa serikali mkoani humo kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina lilelile la akaunti rasmi ya michango. Maumivu ya habari hiyo hayakuishia serikalini. Muumini aliyechangia shilingi elfu mbili kutoka kwenye mauzo ya maandazi naye aliumia, na safari iliyofuata alishika mkoba wake.

Kwa hiyo kamati ya kanisa na kamati ya msikiti ziwe kali kwa nafsi zao kuliko sheria inavyotaka. Watu watatu wasiohusiana kwa damu wasaini. Kilichopokelewa kibandikwe ukutani, kilichotolewa kibandikwe pembeni yake, na posho za safari ziandikwe kwa tarakimu. Msikate "sehemu ya kumi" kutoka fedha za waathirika. Anayekula ya yatima, Kurani imesema anakula moto tumboni mwake. Nadhani hakuna haja ya kuongeza.

Usimsingizie Mungu uzembe wa watu. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yalivunja kingo juu ya Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yakasomba nyumba na kuua makumi ya watu. Mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu kalavati liliziba kwa magogo, mawe na udongo, mpaka tuta likaachia. Mvua ilinyesha, ni kweli. Lakini kalavati halizibuliwi na malaika.

Mahubiri yanayosema tu "ni mapenzi ya Mungu" juu ya kalavati lililoziba, au juu ya viwanja vilivyopimwa kwenye mkondo wa mto, yanawakinga waliotakiwa kuwajibika. Wala uchamungu haukatazi kukimbia. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, aligeuza msafara. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu la Umar lilikuwa kwamba anatoka kwenye kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine ya Mungu yuleyule. Kupanda miti mteremkoni, kuhama bondeni, kuidai halmashauri mitaro yake na kuitii ilani ya mamlaka ya hali ya hewa ni matendo ya mtu anayeamini. Yasemwe hivyo mimbarini, kwa maneno hayohayo, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Rudi. Wiki ya kwanza malori yanapangana. Mwezi wa tatu hakuna hata baiskeli. Nyumba mpya za waathirika wa Hanang zilikabidhiwa Desemba 2024, mwaka mzima baada ya tope, na katika mwaka huo watu walikuwa wanaishi, wanaumwa, wanazaa, wanadaiwa ada. Kama usharika wako una milioni moja, usiipeleke yote siku ya tatu. Peleka nusu. Nyingine iwe ya sare na madaftari muhula unapoanza, ya mbegu mvua zinapokaribia, ya nauli ya kliniki. Chagueni familia mbili au tatu kwa majina yao, mfuatane nazo, na anayekwenda awe mtu yuleyule kila safari, ili mfiwa asilazimike kuanza kujieleza upya kwa mgeni.

Msishangae mkiona huruma yenu wenyewe inachoka. Pokezaneni. Aliyebeba maiti apumzishwe, apate wa kuzungumza naye, asipangwe tena wiki inayofuata kwa sababu tu ana moyo.

Siku ya kumbukumbu, msifanye sherehe. Hakuna haja ya fulana maalumu wala meza kuu yenye maji ya chupa. Ukoo ukitaka hitma, iwepo hitma. Parokia ikitaka misa, iwepo misa. Na saa ya pamoja iwe moja, katika uwanja ulio wazi kwa wote. Yasomwe majina yote, polepole, na mtu wa kuyasoma awe ameyafanyia mazoezi asije akalikosea la mtoto wa mtu. Wageni rasmi wakae kimya kama walivyokaa wale rafiki watatu siku zile saba.

Baada ya dua, kipaza sauti apewe mtaalamu wa miamba, au ofisa wa maafa wa wilaya, awaeleze watu mlima wao. Aseme kwamba nyufa mpya mteremkoni ziripotiwe. Aseme kwamba mto ukipungua ghafla au ukigeuka uji wa tope huku mvua inaendelea kunyesha, huenda kuna kitu kimeziba huko juu na kinaweza kuachia wakati wowote. Aseme kwamba ukisikia ngurumo isiyo ya radi usikimbie kufuata bonde, kimbia pembeni kupanda sehemu iliyoinuka. Aonyeshe kwa mkono ni wapi palipoinuka, kwa kila kitongoji. Na wakati anaonyesha, watoto wawe wamepangwa mbele, mahali wanapoona vizuri.